Vitamli vyangu vimeanza kutoa makarara: naweza kuvigema bila ya kuviua?

*"Assalamu alaykum bwana shamba. Nina vitamli sita, ile minazi mifupi, nyuma ya nyumba, huku Micheweni, Pemba, nimevipanda kwa mkono wangu na sasa vinatimiza miaka minne. Vitatu vimeshatoa makarara. Binamu yangu aliyeko Toronto kanitumia video: watu wanatoboa mti kwa keekee, wanapachika kijibomba, maji matamu yanadondoka ndooni, wanayapika mpaka yanakuwa asali, na mti wenyewe haufi. Mimi nauza kashata na sukari imepanda bei. Nikakumbuka kuwa marehemu babu alikuwa akipika asali ya tembo la mnazi. Mume wangu anasema mnazi ukigemwa hufa, na usipokufa huwa mgumba. Jirani anasema mnazi mchanga ndio mzuri, una maji mengi na hauna haja ya kukwewa. Je, nitoboe shina kama wale wa Kanada au nikate karara? Nianze na hivi vidogo? Sitaki kuviua."*

Waalaykumu salaam, dada yangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Nitaanza na keekee, kwa sababu ndiyo yenye madhara yasiyorudi nyuma: kama umeiazima, irejeshe kwa mwenyewe leo. Shina la mnazi halitobolewi. Mumeo kakosea kidogo, jirani kakosea sana, na babu yako alikuwa anajua anachokifanya.

Mti wa kwenye video ni mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Umeumbwa kama mwembe au mfenesi: chini ya gamba kuna utando mwembamba ulio hai, na utando huo huzaa ubao mpya kila mwaka. Ndiyo maana miti hiyo hunenepa. Wakulima wa kule hutoboa tundu dogo la milimita 8 hivi, likaingia ndani sentimita 4 au 5. Mti hulizungushia jeraha lile ukuta wa ndani, kisha ubao mpya hulifunika, na mwaka wa pili watu hutoboa mahali pengine. Hata hivyo, nao wana mipaka yao. Shina ambalo upana wake haujafika sentimita 25 au 30 huachwa likue kwanza. Kwa hiyo swali lako la miti midogo linaulizwa na huko pia, na jibu lao ni subira.

Mnazi haukuumbwa hivyo. Ni jamaa wa mkindu, muhindi na nyasi kuliko kuwa jamaa wa mwembe. Nenda kwenye gogo lolote la mnazi lililokatwa ulitazame upande wa mkato. Hutaona miviringo ya miaka wala gamba la kubandua. Utaona nyuzi nyeusi nyingi zimetawanyika, zimebanana pembeni na kuachana katikati. Kila uzi ni bomba la maji na chakula. Hakuna utando wa kuzaa ubao mpya, kwa hiyo hakuna cha kuliziba tundu. Jeraha utakalolitia leo utalikuta siku mti unapoanguka. Ukitaka ushahidi, tafuta mnazi mrefu wa zamani uliokatwa vidato vya kukwelea. Waliovikata wengine hawapo tena duniani, lakini vidato viko vile vile, vimetuamisha maji ya mvua na mijusi imefanya nyumba.

Na hata ungetoboa, usingepata kitu cha maana. Mepo hutoa maji kwa sababu mwisho wa msimu wa baridi usiku hugandisha na mchana huyeyusha, na huko kuganda na kuyeyuka ndiko kunakoyasukuma maji yatoke. Micheweni hakugandi kitu isipokuwa barafu za watoto kwenye friji.

Sasa maji matamu ya mnazi yanatoka wapi? Yanatoka juu. Sukari hutengenezwa kwenye makuti, ikasafiri hadi kwenye panda, yaani shada la maua, lililokaa kwapani mwa kuti, kwenda kulea upunga uwe kidaka, kidaka kiwe kitale, kitale kiwe dafu. Mgema hukaa katikati ya njia hiyo. Anakata ncha ya panda lingali limefungwa ndani ya karara, ala yake, na chakula kilichokuwa kinakwenda kwa watoto kinadondokea kibuyuni. Kwa vile kimeshapikwa na makuti, ni kitamu hasa: sukari yake huwa asilimia 12 hadi 18, wakati maji ya mepo yana asilimia 2 hivi. Binamu yako atakwambia kuwa kule wanachemsha lita 40 kupata lita moja ya asali. Wewe utahitaji lita sita au saba.

Ukishalielewa hilo, utaona pia mumeo ameyatoa wapi maneno yake. Mnazi haufi kwa kugemwa panda. Lakini panda lililogemwa halizai nazi. Mnazi wenye afya hufungua kuti jipya kila wiki tatu au nne, na kila kuti huja na panda lake, kwa hiyo kwa mwaka hupata mapanda 12 mpaka 14, na kitamli huweza kuzidisha. Tangu karara kupasuka mpaka nazi kukauka ni kama mwaka mzima. Mtu akigema kila panda kwa miezi minane, kisha akaacha, mnazi utakaa muda mrefu juu hakuna nazi hata ya dawa. Watu wanapita, wanatazama juu, wanasema umekuwa mgumba. Kumbe uko mbioni kuanza upya, na upunga umo. Wengi hawana subira ya kungoja, wakaukata.

Tuje kwa jirani na "mchanga ndio mzuri".

Kwetu, Kusini Unguja, kuna mnazi mrefu mmoja una kiuno. Chini ni mnene kama kawaida, juu ni mnene, lakini katikati kuna sehemu imebonyea, unaweza kuikumbatia vidole vikakutana. Nilipokuwa mdogo nikidhani ndivyo ulivyoumbwa. Baada ya kusomea kilimo nilipanda ngazi nikaitazama kwa karibu. Shina la mnazi lina makovu ya duara, kila kovu ni alama ya kuti lililoanguka. Nikayahesabu yaliyomo kwenye kiuno: yalikuwa 25. Mnazi mrefu ukitoa makuti 12 au 13 kwa mwaka, hiyo ni miaka miwili. Nikamuuliza mama, akacheka. "Huo ni wakati mjomba wako alipokuwa akiugema wote, na kila likifunguka kuti akilishusha bichi kwenda kuezekea banda." Miaka miwili mti ulikatwa chakula na ukakatwa jiko la kupikia chakula. Kila kilichojengwa wakati ule kilijengwa chembamba, na kwa kuwa mnazi haunenepi mara ya pili, kiuno kile kipo mpaka leo. Kila kaskazi ikivuma kwa nguvu naukodolea macho.

Kitamli cha miaka minne kiko katika wakati wa kujijenga. Shina ndiyo kwanza linachungulia juu ya ardhi, mizizi inatafuta pa kushika, makuti hayajatimia. Kukinyonya sasa ni kukitia kiuno chini kabisa, mahali panapobeba kila kitu. Najua kinachokuvuta: makarara ya mwanzo mara nyingi hutoa maua madume matupu, au vidaka vikapukutika vyote, ukajiambia hayana faida, bora niyageme. Yaache. Mti unajifunza kuzaa. Tena panda la kitamli ni jembamba, na maji yake ni kidogo ukilinganisha na mnazi mrefu uliokomaa.

Kanuni yangu mwenyewe ya shambani ni hii. Kitamli nisingekigusa mpaka kimezaa vichala vilivyotimia kwa miaka miwili mfululizo na kina makuti mabichi yasiyopungua 25. Vyako vitafika hapo vikiwa na miaka sita au saba. Mnazi mrefu, unaochelewa kuzaa, nao uwe umeshazoea kuzaa. Hesabu makuti kwa kuzunguka shina taratibu, na usihesabu yaliyogeuka manjano na kulala. Yasipofika 25, acha, hata kama mti unaonekana mzuri. Na mti unaogemwa haukatwi kuti bichi, si la ufagio, si la kuezekea, si la kupambia harusi.

Wakati ukifika, kazi huenda hivi. Unachagua karara lililojaa lakini halijapasuka. Unalifunga kwa ukindu au ukamba laini kuanzia chini kwenda juu ili lisifunguke, kisha unakata ncha kidogo. Kila siku unaligongagonga kwa mpini wa mti, pole pole, kama unayeamsha mtoto, na unaliinamisha kidogo kidogo kwa kulifunga kwenye kuti la chini yake. Ukilivuta kwa siku moja litavunjika shingoni. Asubuhi na jioni unachonga kipande chembamba kutoka kwenye ncha. Wembamba wenyewe ni kama ganda la kitunguu, kiasi cha kuona mwanga ukikiinua juu. Mwanzo hakitoki kitu. Baada ya wiki moja au mbili ncha inaanza kutoa jasho, kisha tone, kisha matone ya kufuatana, na hapo ndipo unapotundika kibuyu. Mnazi uliokubali hukupa lita moja mpaka mbili kwa siku, na panda moja huweza kuendelea mwezi na zaidi.

Kotama, kisu cha mgema, iwe kali ya kunyolea. Kotama butu haikati, inaponda, na nyuzi zikipondwa huziba, ukadhani mti hauna maji kumbe umeunyonga. Ioshe kwa maji moto kabla ya kuhamia mti mwengine. Panda likifupika likabaki kiasi cha shibiri kutoka shinani, simama. Usilikate likawa sawasawa na shina, maana hapo unafungua mlango wa kuoza jirani na shaha, moyo wa mnazi, na mnazi una kilele kimoja tu, ukioza huo basi. Kikonyo kiache kikauke na kuanguka chenyewe.

Ama ni mapanda mangapi, mimi husema moja kwa matatu: gema moja, yanayofuata mawili yaache yazae. Utapata tembo tamu, yaani utomvu usiochachuka, na dafu kwenye mti mmoja, na mnazi hautajulikana kuwa unagemwa. Ufilipino wanayo njia nyengine, wanagema nusu ya nje ya panda kisha wanaiacha nusu ya ndani ifungue na kuzaa. Inafanya kazi kwa mikono iliyozoea. Kwa anayeanza, nadhani ataharibu nusu zote mbili.

Unachokitoa kirudishe. Utomvu huondoka na potasiamu kwa wingi, madini ambayo mnazi unayapenda kuliko karibu yote, na kwa bahati yamo kwenye vitu unavyovitupa: jivu la kuni na makumbi. Tandaza makumbi kuuzunguka mti, ngozi ya kumbi ikitazama juu, kuanzia mita moja kutoka shinani kwenda nje, na nyunyizia jivu wakati wa masika. Samadi nzuri pia, lakini iliyoiva, itandazwe nyembamba. Rundo la samadi mbichi chini ya mnazi ni hospitali ya kuzalia chonga, mdudu anayetoboa minazi. Mabuu yake meupe, manene kama kidole gumba, hukulia humo na kwenye magogo ya minazi yaliyooza, na chonga mkubwa akishatoka anaruka moja kwa moja kwenda kutoboa kilele. Kuti jipya likifunguka limekatwakatwa kama kwa mkasi, ujue ameshapita.

Kuhusu kibuyu chenyewe. Hamira ya asili huingia tangu tone la kwanza, na kwa joto letu tembo tamu la alfajiri huwa limeshaanza kuchachuka kabla ya adhuhuri. Anayetaka asali hana muda wa kupoteza. Paka ndani ya kibuyu chokaa safi, ile ile ya tambuu, kiasi cha kuweka utando mweupe tu, maana ndiyo inayochelewesha uchachu. Usitumie ya kupakia ukuta. Funika mdomo wa kibuyu kwa kitambaa kilichobana: nyuki huzama humo, panya hunywa, na popo ndio usiseme. Sisi wa Pemba na Unguja twajivunia popo wetu wakubwa wa Kidike, lakini kule Bangladesh watu wameambukizwa virusi vya Nipah kwa kunywa mbichi utomvu wa mitende ulioguswa na popo. Kwa hiyo usinywe mbichi, wala usimpe mtoto. Chuja kwa kitambaa, teremsha na chemsha ndani ya saa mbili au tatu. Povu likitaka kumwagika, tonesha mafuta ya nazi kidogo, hutulia papo hapo. Mwisho wa mapishi usiondoke jikoni hata mtu akibisha hodi, maana asali ya tembo hutoka kwenye rangi ya chai na kuingia kwenye mkaa kwa muda wa kuitikia salamu.

Lililobaki hapa ni la dini na la majirani. Mimi ni mtu wa mimea, si mufti. Muulize shekhe wako kuhusu tembo lililokutangulia likachachuka, kama linafaa kuachwa ligeuke siki. Na kabla hujatundika kibuyu cha kwanza, nenda kwa sheha umueleze unachokipika. Kibuyu juu ya mnazi kina maana moja tu machoni mwa wapita njia, nawe unauza kashata kwa watoto wa watu.

Je, inalipa? Tuseme ukweli. Mti mmoja mzuri, lita moja na nusu kwa siku, utakupa kama lita moja ya asali kila siku nne au tano. Kwa hiyo lita moja utakuwa umepanda, au umeinama, mara nane mpaka kumi, maana kuchonga ni asubuhi na jioni, siku ya Idi imo, siku ya mazishi imo. Ukiruka siku moja ncha hukauka na unaanza kubembeleza upya. Ongeza kuni. Na kila panda ulilogema ni kichala cha madafu ambacho hutakiuza, na dafu la kitamli ni tamu, linauzika lenyewe bila ya kuwasha moto. Kwa mtu wa kashata mwenye vitamli sita, ningeuza madafu, nikanunua sukari, na asali ya tembo nikaipika kidogo kwa ajili ya kashata za bei ya juu, zile watu wazima wataozitambua kwa ladha. Kama kuna mgema karibu, nunua kwake tembo tamu la alfajiri badala ya kugema mwenyewe. Usimsifu tu sana, methali unaijua. Chemsha kikombe kimoja mbele yake uone kinabaki kiasi gani.

Kama moyo wako uko kwenye kugema, basi anza na mnazi mrefu mmoja uliokomaa wa ukoo wenu, mtafute mzee aliyewahi kugema akusimamie mwezi wa kwanza, na akwee yeye. Kuchonga hakufundishiki kwa maandishi. Mkono hujifunza kwa kuuona mkono mwengine. Mti ukwewe kwa kamba au ngazi, vidato visiongezwe hata kimoja.

Na kuna wakati ambapo mimi wala mzee hatutoshi. Kama kuti changa la katikati, lile lililosimama kama mkuki halijafunguka, limeanza kukauka peke yake huku mengine ni mabichi, livute kidogo. Likitoka mkononi na chini yake pakawa laini na kunuka, hicho ni kilele kinaoza. Acha kugema mti huo na jirani zake, usihamishe kotama, na umlete bwana shamba wa wilaya siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo ukiona tundu kwapani mwa kuti linalotoa utomvu wa kahawia na makapi yaliyotafunwa. Mpigie picha karibu na mbali, lakini usitosheke na picha, aje aguse. Mti ulioshikwa mapema huweza kusafishwa na kutiwa dawa. Ule ambao kilele kimeshalainika chote hukatwa na kuchomwa moto, shina na yote, ili chonga wasipate pa kuzalia karibu na vile vitano vilivyobaki.